Sharti la Siku ya Dubu

Asubuhi ile simu ya nyumba yetu ya wageni ililia kabla sijawasha jiko. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa mji wa Plovdiv aliyeshika vyumba viwili kwa siku ya ufunguzi wa msimu wa skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji.

"Dada, niambie ukweli," akasema. "Jumamosi ya wiki ijayo mnafungua au hamfungui?"

"Tunafungua."

"Theluji ipo?"

Nikachungulia dirishani. Mteremko wa kijiji chetu cha Murgovo ulikuwa wa kahawia kutoka juu mpaka chini, na katikati una utepe mmoja wa barafu chafu.

"Itakuwepo," nikasema.

"Hilo aseme Mungu, si wewe." Lakini hakufuta vyumba vyake. Nikamshukuru, nikaweka simu chini, nikaanza kuloweka pilipili hoho kavu kwa ajili ya chakula cha jioni.

Ilikuwa Jumapili, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ambayo sisi watu wa milimani huiita Siku ya Dubu. Jioni yake Yavor na mshenga wake walikuwa wanakuja kuniposa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimeshakataa wawili, na huyu ndiye niliyemtaka.

Kizuizi kilikuwa mama.

Mama yangu, Vasilka, ni mjane, nami ni mtoto wake wa pekee. Baba yangu, Stoil, alikuwa mkuu wa mizinga ya theluji hapa Murgovo mpaka moyo wake uliposimama. Mbingu ikinyima theluji, watu wa mizinga hurusha maji hewani kwa nguvu, na maji yakikutana na baridi yanaanguka chini yakiwa theluji. Kwa hiyo wakati kila mwenye akili anaingia ndani, wao ndio wanatoka. Baba alitoka katikati ya ubatizo wangu. Alitoka kwenye harusi ya dada yake. Mkesha mmoja wa Krismasi alitoka na kijiko mkononi, na mama akakiokota kijiko hicho getini kulipokucha. Alikufa mwezi wa nane, kitandani, na mama akasema angalau hilo alilifanyia nyumbani.

Sasa Yavor ndiye aliyerithi kazi ya baba. Mama alipojua kwamba tunapendana, hakupiga kelele. Aliendelea kumenya viazi.

"Wanaume wote wa nchi hii," akasema, "ukaenda kumwokota aliyevaa buti za baba yako."

"Ni mtu mzuri, mama."

"Na baba yako alikuwa mbaya? Nilikuwa na mume mzuri sana, mwanangu. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi. Miezi mingine nililala na chupa ya maji ya moto."

Yavor alipokuja mara ya kwanza mama alimkatalia mlangoni. Vuli hii alipokuja tena, mama alimtazama buti, akamtazama uso, akampa sharti.

"Njoo Siku ya Dubu. Ukae mezani kwangu, ule, mpaka chakula kiishe na mimi mwenyewe nifunike chungu. Ukimaliza, nitakunywa rakia yako. Ukiinuka kabla, uende moja kwa moja, usirudi kuuliza."

Kwetu mshenga huja na chupa ya mbao ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, iliyofungwa uzi mwekundu, akaiweka mezani. Mzazi wa msichana akiinywa, binti ametolewa. Asipoigusa, wageni wanachukua kofia zao na kuondoka. Ningeweza kuolewa bila hayo yote, sheria ipo na ofisi zipo. Lakini chumba changu na cha mama vinagawanywa na ukuta wa mbao, na tangu utoto nimemsikia akilia upande wa pili majira ya baridi. Sikutaka kuanza ndoa yangu kwa kumwongezea kilio. Nilimwambia Yavor hivyo, naye akasema sharti ni dogo, kula tu, nani asiyeweza kula.

Ndivyo tulivyosema mwezi wa kumi.

Pilipili zilipokwisha kulowa nikachukua mkate na chupa ya chai, nikapanda mpaka nyumba ya pampu. Yavor alikuwa amesimama juu ya ule utepe wa barafu, anaupigapiga kwa kisigino. Ni mrefu, mabega yameinama kidogo, na ana tabia ya kuangalia juu kila baada ya sentensi mbili kama anayemngoja mtu kutoka mbinguni.

"Umelala?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Unadanganya."

"Basi sijalala." Akapokea chai, vidole vyake vikakaa juu ya vyangu zaidi ya ilivyohitajika. "Mama anaendeleaje?"

"Anapika. Ameamka alfajiri kuchemsha mahindi ya dubu. Ananisemesha vizuri mno, ndicho kinachonitisha."

Akacheka kidogo, halafu akaangalia juu.

"Usiku wa leo," akasema.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anasema habari za posa.

"Baridi, Zori. Inaingia leo jioni. Upepo unageuka wa kaskazini, mawingu yanaondoka, hewa inakauka. Kesho mchana upepo wa kusini unarudi, na joto litakaa wiki nzima. Nimeangalia utabiri wote, nimempigia mtu wa kituo cha hali ya hewa kule kileleni. Ni leo tu, kabla ya ufunguzi."

"Leo jioni."

"Leo jioni."

Chini yetu niliona moshi wa jiko letu.

Lazima niseme kuhusu ile barafu, maana kijiji kizima kilikuwa kinaisema. Alhamisi iliyopita kipimajoto kilishuka nyuzi mbili chini ya sifuri, lakini bonde lilikuwa limejaa ukungu. Hata mtoto wa Murgovo anajua kwamba baridi peke yake haitoshi, hewa lazima iwe kavu. Kwenye ukungu maji hayawi theluji, yanaanguka maji, yanatiririka, yakifika chini yanaganda. Yavor anajua kuliko wote, na bado aliwasha mizinga. Nusu ya bwawa linalolisha mizinga ikaishia kwenye utepe ule. Tangu hapo akienda dukani anaulizwa kama mbao za skii za mwaka huu zitakuwa na misumari. Mwenye duka la mkate alimwambia, "Yavor, mwanangu, haraka haraka haina baraka, baba yako hakukufundisha?" Yeye alinunua mkate, akatoka.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua haraka ile ilikuwa ya nini. Alitaka theluji iwe tayari kabla ya Jumapili, akae mezani kwa mama akiwa mtu huru.

"Maji yaliyobaki yanatosha?" nikamuuliza.

"Yanatosha mara moja. Nikikosea tena, hatufungui mpaka Krismasi. Au mpaka mbingu itukumbuke."

"Na Trayan? Hawezi kuwasha yeye?"

Trayan ni mzee wa pampu, amekuwa pale tangu enzi za baba.

"Trayan hawezi kuziacha pampu. Lazima mtu atembee kutoka mzinga mmoja hadi mwingine, afungue, apime, arekebishe. Vibarua wa msimu hawajaanza."

"Kwa hiyo utafanya nini?"

Alinitazama machoni, safari hii hakuangalia juu.

"Nitakaa mezani."

"Yavor."

"Nimeahidi, Zori. Nimeshamwaga nusu ya bwawa kwa ajili ya meza ile. Nikija kuinuka leo, yale maji niliyamwaga ya nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba bila mteremko vyumba vyetu vitabaki vitupu, na vya majirani, na mama mwenyewe ataumia. Sikusema. Nilikuwa namtaka, na nilikuwa namtaka akae. Nikamwekea mkate mfukoni, nikamfunga skafu vizuri, nikashuka.

Njiani nikakumbuka majira ya baridi yaliyopita, siku aliyopita getini kwetu na tochi yake. Nilikuwa nakung'uta mazulia. Akasimama, akaniuliza, "Umewahi kuona inavyozaliwa?" Nikasema nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi. Akasema, "Twende." Akanisimamisha mbele ya mzinga unaonguruma, akaninyoosha mkono, mkono wa koti ukiwa kwenye nyunyu ya maji yanayorushwa. Chembe zikaugonga mkono wangu, zikadunda, zikaanguka. "Zikidunda, theluji ni nzuri," akaniambia sikioni kwa sauti kubwa maana mashine zilikuwa zinapiga kelele. "Zikinata zikalowesha, unapoteza maji." Hakusema neno lolote la mapenzi siku ile. Lakini nilirudi nyumbani na mkono wa koti umeganda mpaka kiwiko, na sikutaka kuukausha.

Walifika jua likizama. Mshenga alikuwa Lyuben, mjomba wa Yavor, fundi magari mnene mwenye masharubu aliyekuwa amejipaka mafuta nywele mpaka zinang'aa. Mama alikuwa ameshuka tu kutoka roshani kuanua shuka za wageni. Aliziegemeza ukutani, na niliona zimeganda, zimesimama zenyewe, ngumu kama mbao. Akaona nimeona kwamba baridi imeshaingia.

"Dada Vasilka," Lyuben akaanza, ameshika kofia, "sisi ni watu wa njia. Tumepotelewa na mwana-kondoo mweupe, tumefuata nyayo zake, zimeingia geti hili."

"Hapa kuna paka tu," mama akajibu. "Na ni mzee."

"Tutamwangalia hivyo hivyo."

"Futeni miguu kwanza."

Waliingia. Lyuben akaweka chupa ya mbao katikati ya meza, uzi wake mwekundu ukaning'inia. Yavor alivaa shati jeupe na koti la suti la kuazima, mikono yake imetokeza. Alimbusu mama mkono. Mama akauacha ubusiwe, akaonyesha kiti kilichokuwa cha baba.

"Kaa hapo."

Kabla ya kula mama alichukua bakuli la mahindi na ngano zilizochemshwa, akainama mbele ya jiko, akarusha konzi moja juu kwenye bomba la moshi.

"Haya, dubu," akasema kama mama zake walivyosema kabla yake. "Kula cha kupika, usije kula kibichi. Usile mifugo, usile watu."

"Na usile washenga," Lyuben akaongeza.

"Wewe atakuacha. Atashindwa kukumaliza."

Tukacheka, hata Yavor. Punje nyingine zilirudi zikaanguka kwenye moto zikapasuka. Mama akakaa, akafunua chungu. Ilikuwa kipindi cha mfungo wa kabla ya Krismasi, kwa hiyo hapakuwa na nyama. Kulikuwa na pilipili nyekundu zilizojazwa maharage, kachumbari ya kabichi na mkate. Zile pilipili zilikuwa nyingi kuliko watu wanne. Nilizihesabu kwa macho nikaelewa kwamba mama amepika kwa ajili ya kuchelewesha.

"Kula, Yavor," akasema. "Kula taratibu. Hakuna anayekufukuza."

"Asante, mama."

"Ni tamu?"

"Tamu sana."

"Stoil hakuwahi kufika ya pili."

Simu ya Yavor ikatetemeka mfukoni. Sote tuliisikia. Akaitoa, akaiangalia, akaipokea hapohapo mezani.

"Trayan," akasema. "Nipo kwenye chakula."

Sauti ya mzee Trayan ilitoka kubwa kwa sababu ya miaka ya kelele za pampu. "Imegeuka, Yavor. Nyota zote ziko nje. Nyuzi nne chini ya sifuri na hewa imekauka kama biskuti. Njoo basi."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Nipo mezani, Trayan. Ngoja."

"Ngoja mpaka lini? Ikifika alfajiri tayari ukungu umepanda kutoka mtoni."

"Ngoja," Yavor akasema, akalaza simu kifudifudi kando ya mkate.

Lyuben alikohoa. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema taratibu, akiwa anaiangalia sahani yake. "Lakini yale yaliyobaki bwawani bado..."

"Mjomba," Yavor akasema. "Niache nile."

Akala. Sijawahi kumwona mtu akila kwa namna ile. Alikata pilipili vipande vidogo, akatafuna, akameza, akapangusa mdomo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya nyusi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya meza, na mimi niliyekaa pembeni niliuona unafumba na kufumbua, unafumba na kufumbua. Mama alimtazama kwa makini mwanzo mpaka mwisho. Uso wake haukuwa mbaya. Ulikuwa uso wa mtu anayeangalia kitu alichokitamani maisha yake yote, mwanaume wa mizinga anayekula jioni ya baridi kavu, na sahani ilipopungua alimwongezea.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa napata nilichokiomba. Lakini nilivyomwona pale, nikajua kwamba akimaliza chungu kile tutaoana, na kila mwaka baridi ya kwanza ikiingia nitamwona anafumba na kufumbua ule mkono. Mtu niliyempenda alikuwa yule wa tochi getini. Huyu aliyekaa kwenye kiti cha baba nilikuwa namwonea huruma.

"Inuka," nikasema.

Kijiko cha Lyuben kikasimama hewani.

"Zornitsa," mama akasema.

"Ainuke, mama. Aende."

"Siinuki," Yavor akasema. "Nimeahidi."

"Wewe umeahidi. Mimi sijaahidi." Nikasimama, nikachukua koti langu kwenye msumari. "Najua kufungua mizinga, umenifundisha mwenyewe. Nakwenda. Anayetaka kukaa akae."

"Usithubutu," mama akasema. "Yote kumi na miwili? Peke yako? Kule juu kuna barafu."

"Basi nitaanguka mara kumi na mbili."

Nikafungua mlango. Baridi iliingia ikatupiga sote usoni, kavu, safi, ile ambayo kijiji kizima kiliisubiri mwezi mzima. Nikasikia kiti kinasukumwa nyuma yangu.

Yavor alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Mama," akasema, "kwa theluji nisingeinuka. Wangefunga kijiji kizima nisingeinuka. Lakini siwezi kumwacha aende kule peke yake. Nisamehe."

Mama alikitazama kiti cha baba kilicho wazi, halafu sahani yenye nusu pilipili, na nikaona macho yake yanajaa.

"Basi," akasema. "Kama kawaida." Akaanza kukusanya vijiko.

Tulipanda bila kuongea. Nilikuwa nimemvunjia mama moyo na kumvunjia Yavor ahadi, yote kwa neno moja, na kazi haikuniacha nikae kulia. Trayan alifungua maji tulipofika, mabomba yakanguruma chini ya ardhi. Tuligawana upande. Mzinga wa kwanza ulikohoa, ukatema maji, ukatema tena, halafu ukashika. Nilinyoosha mkono. Chembe zilidunda.

"Zinadunda," nikapiga kelele.

"Na huku," akajibu kutoka upande wa pili, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya kwake.

Tulikutana katikati ya mteremko tulipomaliza mzinga wa sita. Nyusi zake zilikuwa nyeupe na suti ya kuazima imeganda chini ya koti la kazi.

"Kwa nini umenifanyia hivi?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua.

"Kwa sababu ungemaliza kula."

"Ningemaliza, ndiyo."

"Na ungekuwa mume mzuri."

"Ningejaribu."

"Sitaki ujaribu kukaa, Yavor. Nataka uniambie twende. Kama mwaka jana."

Alinivuta, akanikumbatia, koti lake likakwaruza shavu langu. "Na mama?" akasema juu ya kofia yangu. Ndipo tukaona taa.

Gari bovu la Lyuben lilikuwa linapanda njia ya matrekta, linateleza kushoto na kulia. Likasimama chini ya mzinga wa nne. Mlango wa abiria ukafunguka, akatoka mama, amevaa koti lake jeusi la ujane na amekumbatia chungu kilichofungwa kwa blanketi.

"Nilimwambia tungoje asubuhi," Lyuben akapaza sauti. "Akaniambia nikiogopa nishuke, ataendesha yeye. Na hajui kuendesha."

Mama alimpa chungu akishike, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya mzinga. Alisimama akiutazama jinsi unavyopumua. Nikakumbuka kwamba ameishi chini ya mteremko huu tangu alipoolewa, ameosha shuka za wateleza-skii wa miaka yote, na hajawahi kusimama hapa mizinga ikiwa inafanya kazi.

"Huyu ndiye aliyekuwa anamfuata?" akauliza.

"Ndiye, mama," Yavor akasema.

"Mnafanyaje kujua kama inakuwa theluji?"

Yavor alinitazama. Nikamshika mama mkono wa kushoto, nikaunyoosha mbele kwenye nyunyu, kama nilivyonyooshwa mimi. Juu ya kitambaa cheusi kila chembe ilionekana. Zilimgonga, zikadunda, nyingine zikabaki, na taratibu mkono wa koti ukaanza kuwa mgumu na mweupe kuanzia kifundo mpaka kiwiko.

Mama aliuangalia mkono wake. Aliuangalia mpaka nikaogopa.

"Wa kushoto," akasema. "Siku zote ulikuwa wa kushoto."

"Nini, mama?"

"Koti lake. Alikuwa anarudi mkono wa kushoto umeganda hivi, barafu inadondoka sakafuni kwangu. Nilimgombeza miaka yote. Nilimwambia wewe Stoil, mzembe, unaegemea wapi na koti zuri. Alikuwa anavua, ananing'iniza, anakaa kimya." Akavuta pumzi. "Kumbe ilikuwa kazi."

"Hakukueleza?"

"Hakunieleza. Na mimi sikuuliza. Nilikuwa nanuna." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta. "Si kwamba alitoka, Zornitsa. Watu wanatoka. Hakuwahi hata siku moja kusimama mlangoni akaniambia, Vasilka, vaa koti, twende. Ningekataa. Kungekuwa na mtoto, kungekuwa na jiko. Lakini angeniambia."

Mizinga ilinguruma juu na chini yetu, na kwenye mwanga wa taa za gari mteremko ulikuwa umeanza kupoteza ule ukahawia.

Mama akamgeukia Yavor.

"Wewe umekula pilipili ngapi?"

"Tatu na nusu, mama."

"Chungu hakijafunikwa. Kaa."

Yavor akatafuta pa kukaa, akageuza kreti la vifaa, akakaa. Mama akafungua blanketi, mvuke ukatoka. Tulikula hapo kwa kijiko kimoja kilichokuwa kinapita mkono kwa mkono, mimi, Yavor, Lyuben, hata mzee Trayan aliletewa mlangoni kwake. Kila baada ya pilipili moja Yavor alitazama mzinga, halafu akamtazama mama, naye mama akasema, "Nenda kapime, urudi." Akaenda, akarudi, akala. Ilichukua muda mrefu. Ya mwisho mama alimpa yeye, akamwangalia mpaka akameza, akachungulia chungu, akakifunika.

"Nitakupa sharti jingine," akasema. "Hili halina siku. Kila ukitoka, umwambie twende. Awe anaumwa, awe amelala, awe amekununia, umwambie. Akikataa ni juu yake."

"Nitamwambia."

"Hata ukijua atakataa."

"Hata nikijua."

Lyuben alikuwa tayari ameitoa ile chupa ya mbao kwenye koti lake. Akamnyooshea mama. Mama akaipokea, akakata uzi mwekundu kwa meno, akafuta mdomo wa chupa kwa mkono ule wa koti ulioganda, akanywa.